Walipigana: Pigano la Miadi, Sheria na Fasihi Yetu

Mwalimu wa Kiswahili huifundisha mapema kauli ya kutendana. "Piga" huzaa "pigana", "penda" huzaa "pendana", "ita" huzaa "itana". Mwanafunzi huambiwa kwamba kiambishi hicho kinaonyesha watendaji wawili au zaidi, na kwamba kila mmoja wao ni mtenda na ni mtendwa. Ni kanuni nyepesi, na wengi huishika kwa kipindi kimoja. Lakini hutokea siku mtu akafa, na kanuni hiyo hiyo ikasimama mbele ya jaji. Mashahidi huulizwa wameona nini, nao hujibu: "Walipigana." Neno hilo limewagawia watu wawili sawasawa jambo lililotendeka, ilhali mmoja wao yuko kizimbani na mwenzake yuko kaburini.

Madhumuni ya makala haya ni kulichungua neno hilo. Swali lenyewe ni hili: watu wawili wakikubaliana kupigana, mmoja akamwua mwenziwe, je, sheria ya zama zetu imwite aliyebaki mwuaji wa kukusudia, au imtafutie jina jingine lililo jepesi zaidi? Pigano la namna hiyo nitaliita pigano la miadi, maana kinachilitenga na ugomvi wa kawaida ni ile miadi: wapiganaji wameafikiana kabla juu ya mahali, wakati na silaha.

Huenda msomaji akasema kwamba jambo hili ni la Ulaya ya kale, la mabwana waliovaa makoti marefu na kupimiana hatua kwa bastola alfajiri. Ni kweli kwamba desturi hiyo ilipata adabu zake na mashahidi wake huko. Lakini mtu aliyewahi kupita jioni penye kilabu cha pombe ya ulezi, hapa Ufipa au kwingineko nchini, ameisikia miadi hiyo kwa Kiswahili kifupi: "Kama wewe ni mwanamume, twende nje." Na mwalimu aliyewahi kushika zamu anaijua miadi ya wavulana wawili walionong'onezana darasani kwamba watakutana kengele ikilia, nyuma ya uzio, mbali na macho ya wakubwa. Wenzao huwafuata, huwazunguka, huwashangilia. Hakuna bastola wala koti refu, lakini mahali pamechaguliwa, wakati umewekwa, na mashahidi wapo. Kwa hiyo swali ni letu, na ni la wanafunzi wetu kuliko mtu mwingine yeyote.

Mapigano katika vitabu

Tuanze na vitabu, kwa kuwa humo ndimo vijana wengi hukutana na pigano la miadi kwa mara ya kwanza, na humo ndimo hufundishwa kulistaajabia. Katika tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet, Tybalt anamwua Mercutio, kisha Romeo anamwua Tybalt papo hapo barabarani. Mtawala wa mji hamwui Romeo, anamfukuza mjini. Wasomaji wengi husikitika kwamba mpenzi ametenganishwa na mpenziwe, na wachache humkumbuka Tybalt. Katika Hamlet, pigano la mwisho limetangazwa kuwa ni mchezo wa panga mbele ya mfalme, lakini Laertes na mfalme wamekwisha kula njama, na ncha ya upanga wa Laertes imetiwa sumu.

Mwanafunzi akiulizwa ni lipi kati ya mauaji haya mawili lililo ovu zaidi, atajibu bila kusita: la Laertes, kwa sababu ya sumu. Jibu hilo ni sahihi, lakini halijafika mwisho. Hata tukiiondoa sumu, ingebaki tofauti nyingine kubwa, nayo ni wakati. Romeo ameua damu ya rafiki yake ikiwa bado mbichi machoni pake. Laertes amekaa, amepanga, ameingia uwanjani akijua atakalolifanya. Huyu wa kwanza amebebwa na hasira. Yule wa pili ameibeba hasira yake, akaihifadhi na kuitoa kwa siku aliyoitaka. Tutaona baadaye kwamba sheria yetu nayo huuliza swali hilo hilo la wakati.

Kipo na kitabu kilicho karibu zaidi nasi. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Julius Caesar, iliyochapishwa mwaka 1963, aliwapa wasomaji wa Kiswahili onyesho moja ambalo walimu wengi hulipita haraka ili wafike vitani. Ni ugomvi wa Brutus na Cassius ndani ya hema. Marafiki hawa wawili wana silaha, wana majeshi nje, na wametukanana vya kutosha kumwaga damu. Hasira inapanda hata Cassius anatoa kisu chake, anafunua kifua na kumwambia mwenziwe achome. Brutus hachomi. Wanazungumza, hasira inateremka, wanapeana mikono, wanakunywa pamoja. Hili ndilo pigano lililokaribia kuwa na halikuwa, na kwa maoni yangu ndilo onyesho lenye mafunzo makubwa kuliko kifo cha Kaizari mwenyewe. Shakespeare hakutuficha, hata hivyo, kwamba mikono iliyopatana humo hemani ni mikono ile ile iliyomchoma mtu asiye na silaha. Watu hao waliweza kuzungumza kabla ya kuua. Walishindwa kufanya hivyo siku iliyohitajika zaidi.

Fasihi ikituchosha, historia ipo. Alexander Pushkin, mshairi mkubwa wa Urusi, ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani utotoni, aliandika kisa cha vijana wawili marafiki wanaoitana uwanjani kwa jambo dogo la dansi, na mshairi miongoni mwao akauawa. Mwaka 1837 Pushkin mwenyewe aliitana na afisa mmoja mzaliwa wa Ufaransa kwa uvumi uliomhusu mkewe, akapigwa risasi, akafa baada ya siku mbili. Alikuwa na umri wa miaka 37. Aliyemwua alivuliwa cheo na kufukuzwa nchini, akaishi mpaka uzeeni. Huko Marekani, tarehe 11 Julai 1804, Makamu wa Rais Aaron Burr alimpiga risasi Alexander Hamilton katika pigano la miadi, na Hamilton akafa kesho yake. Burr alishtakiwa kwa mauaji katika majimbo mawili, lakini hakuletwa mahakamani kwa shtaka hilo. Alirudi akamaliza muda wake wa kazi. Tunajifunza hapa kwamba mara nyingi sheria iliyoandikwa iliita jambo hili uuaji, na watu wakubwa wakapata njia ya kulipita jina hilo.

Sheria ilivyokuwa na ilivyo

Historia ya sheria katika nchi yetu inalionyesha jambo hili waziwazi zaidi. Wajerumani walipotawala, watu wa Ulaya waliokuwa hapa walihukumiwa kwa kanuni ya jinai ya Ujerumani ya mwaka 1871. Kanuni hiyo ilikuwa na sura nzima juu ya pigano la miadi, iliyotengwa na sura ya mauaji. Aliyemwua mwenziwe katika pigano la namna hiyo alipewa kifungo cha ngomeni kisichopungua miaka miwili, na kama wapiganaji waliafikiana kupigana mpaka mmoja afe, kisichopungua miaka mitatu. Kifungo cha ngomeni kilikuwa kifungo cha heshima, bila kazi ngumu na bila fedheha. Mwafrika hakuhukumiwa kwa kanuni hiyo. Yeye aliwekewa amri ya Kansela ya mwaka 1896, yenye viboko, minyororo na kifo. Ufipa nayo ilikuwa chini ya boma la Bismarckburg, mahali tunapopaita Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Basi mzee wa Kifipa aliyesimama mbele ya boma hilo alikuwa chini ya serikali yenye mizani miwili: heshima ya bwana ilipunguza uzito wa damu, na mtu mweusi hakuhesabiwa kuwa na heshima ya kupunguza kitu.

Walipokuja Waingereza, kwa miaka kumi hivi ilitumika kanuni ya adhabu ya Bara Hindi, iliyotungwa mwaka 1860. Ndani yake lilikuwamo sharti moja la ajabu: kama aliyeuawa alikuwa na umri uliozidi miaka 18, na kwa hiari yake alikubali kufa au kujiingiza katika hatari ya kufa, basi kosa la aliyemwua lilishuka, likawa si la mauaji ya kukusudia. Hapo ridhaa ya marehemu ilikuwa ngao ya aliyebaki. Mwaka 1930 Tanganyika ilipata Kanuni yake ya Adhabu, ambayo pamoja na marekebisho mengi ndiyo tunayoitumia hata leo, na ngao hiyo ikaondolewa. Kanuni yetu inasema kwamba mtu kuridhia kifo chake hakumpunguzii lawama yule aliyemwua. Tena kifungu cha 88 kinalifanya kuwa kosa hata lile tendo la kumwita mwenzio kwenye pigano la miadi, au kumchokoza ili akubali. Sheria haikungoja damu. Imeuharamisha mwaliko wenyewe.

Sasa tuitazame mizani tunayoitumia. Mauaji ya kukusudia yamo katika kifungu cha 196: ni kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali, kwa nia ovu. Kifungu cha 200 kinaieleza nia hiyo, nayo si lazima iwe nia ya kuua tu. Kutaka kumdhuru mtu vibaya kunatosha. Kifungu cha 201 kinamwonea huruma aliyeghadhabishwa kwa ghafula, akaua hasira ikiwa bado inachemka na kabla hajapata wakati wa kupoa. Huyo kosa lake ni kuua bila kukusudia. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo imesema zaidi ya mara moja kwamba kifo kikitokana na mapigano, aghalabu kosa huwa ni hilo la kuua bila kukusudia, isipokuwa pawe na mazingira ya pekee. Ili kuitambua nia, mahakama huitazama silaha iliyotumika, nguvu ya pigo, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno yaliyosemwa, na mwenendo wa mtu kabla na baada ya tendo.

Naiona busara kubwa katika mizani hiyo. Watu wawili walioketi kwenye benchi moja, neno likaponyoka, ngumi ikarushwa, mmoja akaanguka na kugonga kichwa, hawafanani na mtu aliyelala usiku kucha akinoa panga. Lakini hatari imo katika lile neno letu la kutendana. Tukisema "walipigana", tunawaweka katika kapu moja mtu aliyerusha ngumi kwa ghafula na mtu aliyesema "kesho saa kumi, njoo na chako". Huyu wa pili amekuwa na usiku mzima wa kupoa. Amepita nyumbani, amekula, ameona watoto wake, ameamka, ameichukua silaha, ametembea mpaka mahali pa miadi. Kila hatua ilikuwa nafasi ya kurudi. Makubaliano ambayo mabwana wa Ulaya waliyaona kuwa ndiyo yanayolisafisha pigano, kwangu mimi ndiyo yanayoishuhudia nia. Hakuna njama iliyo wazi kuliko njama ya watu wawili waliotajiana saa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtu aliyeua katika pigano la miadi ya silaha aitwe mwuaji wa kukusudia, na sheria yetu ilivyo inatosha kumwita hivyo. Nalitenga jina na adhabu. Kifungu cha 197 kinaiweka adhabu ya kifo kwa kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, wakati aliyeua bila kukusudia anaweza kupewa adhabu yoyote hadi kifungo cha maisha. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima, isiyomwachia jaji nafasi ya kupima, inakiuka haki ya kuishi. Nakubaliana na uamuzi huo. Jaji akijua kwamba jina moja linaleta kitanzi na jina jingine linaleta kipimo, atavutwa na huruma kulipunguza jina. Ni afadhali jina liwe la kweli, na kipimo kiwe mikononi mwa jaji.

Kigoda cha Milanzi

Wako watakaopinga. Watasema: aliyeuawa alikubali, walikuwa sawa kwa silaha, na ni uungwana zaidi kumkabili adui uso kwa uso kuliko kumvizia njiani. Hoja hizi zina uzito, wala si haki kuzicheka. Kuzijibu, nitakwenda Milanzi.

Milanzi leo ni sehemu ya Manispaa ya Sumbawanga, lakini katika masimulizi ya Wafipa ni mahali pa asili, makao ya Ntatakwa, mtawala wa kwanza, anayesimuliwa kuwa alianguka kutoka mbinguni. Masimulizi haya yamesemwa kwa namna nyingi, na mtaalamu Roy Willis, aliyeishi Ufipa kati ya mwaka 1962 na 1964, aliyaandika na kuyachambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1981. Kiini chake ni hiki. Mtawala wa Milanzi alikuwa mbali mawindoni. Wakaja wanawake watatu, wageni kutoka mbali, wa ukoo unaoitwa Watwa, ambao usichanganywe na watu wa misituni wenye jina kama hilo. Walipofika nyumbani kwa mtawala, mkubwa wao akakalia kigoda cha utawala. Mtawala aliporudi, alimkuta mgeni amekaa mahali pake.

Mwanafunzi na aisimamishe hadithi hapo, aitazame hali ilivyo. Mwanamume anatoka mawindoni. Si mtu asiye na silaha. Nyumba ni yake, kigoda ni chake, na aliyekikalia ni mgeni. Fasihi nyingi za ulimwengu zingemtaka apigane, na zingemwimba kwa kupigana. Masimulizi ya Milanzi hayakumpiganisha. Utawala wa nchi ukaenda kwa Watwa, na mwenye Milanzi akabaki na Milanzi yake pamoja na heshima ya kikuhani ambayo watawala wapya hawakuweza kuipuuza. Kigoda kiligawanyika sehemu mbili, nguvu na baraka, na damu haikumwagika.

Nimewasikia vijana wakisema kwamba mtawala huyo alikuwa mwoga. Nawajibu kwamba wausome mwisho wa hadithi. Milanzi haikufutika, jina lake tunalitamka hata sasa. Tena aliyeuchukua utawala alikuwa mwanamke, wala hakuupata kwa ngumi. Wito wa "kama wewe ni mwanamume" hauna mahali pa kusimama katika hadithi hii. Hii ndiyo sababu naiona kuwa ukosoaji mkali kuliko wowote wa pigano la miadi: inaiacha hoja ya uanaume bila kazi.

Na hapa ndipo hoja ya ridhaa inapovunjika. Pigano la miadi huwahesabu watu wawili tu. Lakini mtu hakuwahi kuwa mali yake peke yake. Katika desturi za makabila mengi ya nchi yetu, damu iliyomwagika ilikuwa deni la ukoo kwa ukoo. Fidia haikulipwa kwa maiti, ililipwa kwa walioachwa. Wawili wakikubaliana kwamba mmoja afe, wamewauliza mama zao? Wamewauliza watoto? Ridhaa ya mtu mmoja haiwezi kuuza kilicho cha wengi. Kauli ya kutendana inawataja wawili, na inamsahau yule atakayepika uji wa matanga.

Hata hivyo sitaki kuipamba Ufipa kwa sifa isizostahili. Dola mbili za Watwa, Nkansi na Lyangalile, ziliwahi kupigana. Wangoni wa Zwangendaba walifika huku katika miaka ya 1840, mfalme wao akafia Ufipa, na baada yake watu wake wakagawanyika. Baadaye nchi ilitulia, na mwaka 1989 Willis huyo huyo aliandika insha akistaajabu jinsi watu waliokuwa na vita walivyogeuka kuwa watu wa amani. Sisi wenyewe tunajua kwamba amani hiyo ina ugonjwa wake. Mtu asiyepigana na jirani yake si lazima awe amemsamehe. Mara nyingine hasira iliyonyimwa njia ya mdomoni hushuka moyoni, ikawa chuki, na chuki ikatafuta sababu ya kila kifo cha mtoto na kila ng'ombe aliyekufa. Mnamo mwaka 1963 na 1964 harakati ya Kamchape ya kusaka wachawi ilipita vijijini Ufipa. Jina la mji wetu wa Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa ni "tupa uchawi". Kibibi anayenyoshewa kidole kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni hakuitwa kwenye pigano lolote. Hakupewa saa wala silaha. Kwa hiyo haitoshi kuwaambia watu wasipigane. Lazima wapewe mahali pa kugombania hadharani.

Vyombo vya ugomvi

Utamaduni wa taifa letu unavyo vyombo hivyo, na kazi ya mhakiki ni kuvichagua kwa macho makavu. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, kila mwaka mwezi Julai, watu wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba katika sherehe za Mwaka Kogwa. Hupiga kwa nguvu, hutoa ya moyoni, na mwaka mpya huanza bila kinyongo. Silaha imechaguliwa kwa busara: inasikika, inauma, haiui. Ngoma ya kirumbizi ya pwani huwaingiza wawili uwanjani kwa fimbo, na kwa ngoma na zumari, mbele ya watu, kwa sheria zinazojulikana. Utani nao umewakalisha pamoja watu kama Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880. Wajukuu wao hutaniana misibani kwa maneno ambayo mtu baki angeshtakiwa kwayo.

Malumbano ya mashairi ndiyo niyapendayo zaidi, lakini kwa sababu nayapenda sina budi kuyasema kasoro yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliyatumia mashairi kuwajibu watu wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo miwili. Ufundi wake hauna shaka. Lakini mashairi hayo hayakuzuia vita, mengine yaliinoa. Wahenga walisema maneno makali hayavunji mfupa, nami naongeza kwamba yanaweza kumtuma mwenye rungu. Shairi huwa badala ya pigano pale tu ambapo pande zote mbili zimekubali kwamba atakayeshindwa kwa maneno ameshindwa, na mambo yamekwisha.

Ndiyo maana chombo kilicho kikubwa kuliko vyote ni baraza, na baada yake mahakama. Shaaban Robert, mtumishi wa serikali na mshairi, aliliona hilo katika Kusadikika. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Karama hamwiti Majivuno uwanjani, ingawa ametukanwa na maisha yake yamo hatarini. Anaomba kusikilizwa, naye anazungumza siku baada ya siku mpaka baraza linageuka. Hilo nalo ni pigano la wawili mbele ya mashahidi, lenye mahali na wakati uliowekwa. Tofauti ni kwamba kila aliyeingia humo anaweza kutoka akiwa hai, na aliyeshindwa anaweza kesho kuwa na haki.

Kwa walimu

Nawaomba walimu, kila mnapofika kwenye pigano katika kitabu, msiishie kuuliza nani alishinda na kwa nini anaitwa shujaa. Waulizeni wanafunzi: nani alitoa mwaliko? Palikuwa na muda gani kati ya neno na pigo? Nani alisimama pembeni akishangilia, na angeweza kufanya nini? Nani alibaki na watoto wa marehemu? Kisha wapeni kazi ya sarufi: waiondoe kauli ya kutendana katika sentensi "Walipigana, mmoja akafa", waiandike upya kwa kumtaja mtenda na mtendwa. Wataona jinsi sentensi inavyobadilika, na jinsi isivyokuwa rahisi tena kuisoma kwa tabasamu.

Nami nifunge kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada ya watu wa fani yangu:

Waliitana kiwanja, mmoja akaanguka,
Yu wapi aliyeonja ushindi akatosheka?
Kisu kikishakuchanja, damu hairudi kaka,
Wapiganao wawili, afaye huwa mmoja.